Ngoma ya Kukaa

Kwetu Usukumani kuna ngoma inayochezwa watu wakiwa wamekaa. Inaitwa wigashe, na jina lenyewe limetoka kwenye neno letu la kukaa. Mnapanga vigoda mstari mmoja, mnakaa bega kwa bega, wanaume kwa wanawake, mnaimba, na kinachocheza ni shingo, mabega, kifua na mikono. Miguu haina kazi, inasubiri hapo chini mpaka wimbo uishe. Naanza na hili kwa makusudi, maana kila nikisema nimewahi kuwa mchezaji wa ngoma, mtu ananitazama kuanzia kiunoni kushuka chini, halafu ananitabasamia kwa huruma. Usinitabasamie. Sikiliza kwanza.

Mimi ni fundi cherehani hapa Didia. Polio ilinipata kabla sijajua kusema vizuri, ikaniachia miguu miwili myembamba isiyonibeba. Ndani ya nyumba natembea kwa mikono. Nje naendesha baiskeli ya magurudumu matatu ambayo pedali zake ziko usawa wa kifua. Kwa hiyo mabega ninayo, tena ya kutosha. Wanaume wa hapa wanaojisifia kulima majaruba ya mpunga, wakinipa mkono kunisalimia, wanashtuka. Cherehani yangu ni ya kuzungusha kwa mkono. Nashona sare za shule, za kwaya, magauni ya harusi, na sijawahi kwenda kwa jirani kuomba chumvi. Sijisifu. Nayasema haya kwa sababu watu wakimwona kiwete, wazo la kwanza linalowajia ni kwamba anahitaji kusaidiwa kitu cha kutia tumboni.

Na hilo linaniudhi kuliko matusi. Matusi nayajibu, hata usiwe na wasiwasi. Lakini utamjibu nini mtu aliyekuja na unga? Wakitukusanya watu kama sisi, wanatukusanya watugawie: unga, sabuni, maombi. Kucheza? Nani kawaambia kiwete anataka kucheza? Mtu akiwa na shida anatakiwa awe na shida muda wote, akionekana anatafuta raha wanasema huyu naye ameanza kuringa.

Nimealikwa mara nyingi kwenye hizo wanazoziita siku za michezo kwa ajili yetu. Jamani! Unaamka alfajiri, unavalishwa fulana inayokupwaya, unapangwa chini ya turubai, unamsubiri mgeni rasmi mpaka fulana inalowa jasho. Akishafika, wazima ndio wanakimbia na magunia. Wazima ndio wanavuta kamba. Wazima ndio wanafukuza kuku. Wewe unapewa soda, unapigwa picha umeishika, unaambiwa piga makofi. Mwaka mmoja walileta mpira mpya unaong'aa, wakasema ni wa kwetu. Mgeni rasmi akaupiga teke la ufunguzi, ukaenda mbali, watu wakashangilia, ukaokotwa, ukarudishwa kwenye gari. Kisha tukashukuriwa kwa kushiriki. Nikamuuliza bwana mmoja mwenye beji kifuani, sisi tumeshiriki nini? Akaniambia, "Mama, nyinyi kaeni tu, leo ni siku yenu."

Kaa tu. Hilo neno nalijua kuliko jina langu. Nilipokuwa mtoto, nikiomba kwenda kisimani na wenzangu naambiwa igasha, yaani kaa chini. Wakienda kuchunga, igasha. Wakicheza nyuma ya nyumba wakati wa mbalamwezi, igasha hapo mlangoni utawasikia. Mama yangu hakuwa mtu mbaya. Aliogopa nitaumia, nitachafuka, nitachekwa. Nilikuwa nakaa pale mlangoni nasikia vicheko vyao, nalia, na watu wazima wanakuja kunibembeleza wakidhani nina huzuni. Sikuwa na huzuni hata kidogo. Nilikuwa na hasira, na hakuna aliyewahi kunibembeleza hasira.

Sasa hao wa wigashe waliletwa kwangu na sare. Kikundi cha pale kijijini kilikuwa kimelala muda mrefu, manju wake akakifufua. Manju ndiye mtunzi wa nyimbo na kiongozi wa ngoma. Wetu ni mwanamume wa makamo, mkulima wa pamba na mpunga, mwenye sauti ya kukwaruza na maneno mengi ya kuchekesha. Alikuja na wenzake niwapime. Mimi nikawaambia sikati kitambaa kabla sijawaona wakicheza, kwa sababu nguo ya wigashe ikibana makwapani mchezaji amekwisha. Wakapanga vigoda uani kwangu, mbele ya dirisha la chumba cha kazi, wakaanza. Mimi nipo dirishani, futi kamba shingoni, natakiwa niangalie makwapa. Nikajikuta naitikia wimbo.

Manju akanyamaza ghafla. "Nani huyo anayeitikia?"

"Mimi, fundi."

"Hebu rudia."

Nikarudia. Wakatazamana. Kati yao alikuwepo jirani yangu, mama anayeuza maandazi njia panda, na ndiye aliyewaleta kwangu. Akacheka, akasogeza kigoda chake pembeni, akakipigapiga kwa kiganja kigoda kilichokuwa wazi. "Njoo hapa, shoga yangu. Ndiyo mambo gani ya kuimbia dirishani kama mwizi?" Nikatoka kwa mikono yangu, nikavuka ua, nikajipandisha kigodani.

Sijui nilieleze vipi jambo hili bila kuliharibu. Nilikuwa nimekaa, kitenge kimefunika miguu yangu kama vilivyofunika ya wanawake wengine. Bega langu la kulia linagusa la mama maandazi, la kushoto linagusa la mzee mmoja mfugaji ambaye alikuwa hata hajanisalimia bado. Manju akatoa wimbo. Tukainama pamoja, tukainuka pamoja, tukageuza shingo pamoja. Ukitutazama kutoka barabarani usingejua yupi anatoka pale kwa miguu na yupi kwa mikono. Nilicheza mpaka kifua kikauma. Nilifurahi, ndugu yangu. Mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, ilikuwa mara ya kwanza nacheza kitu pamoja na watu.

Basi nikawa mmoja wao. Sare nilizishona, nikakata na yangu, na nikaipa mabega mapana kuliko zote. Kila jioni walikuja uani kwangu au mimi nikaenda kwa manju. Manju akaniweka katikati ya mstari. Alisema wale wa pembeni wakichanganyikiwa waangalie mabega ya fundi, hayadanganyi. Nilijua mzee mfugaji anachelewa kugeuka kushoto, nilijua mama maandazi anakata pumzi mapema akiwa amechoka na moto wa maandazi, nami namvutia mpaka anarudi kwenye wimbo. Wateja walinikuta nashona huku natingisha mabega. Mmoja akaniuliza kama nina homa.

Baada ya mavuno zikaja habari za mashindano ya ngoma za jadi Segese, kule kwenye migodi. Kikundi kitakachoshinda kitapewa dume la ng'ombe. Na mashindano yenyewe ni kwa namna yetu ya asili: vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na watu wanakwenda wanakovutwa. Ukijaza watu umeshinda, ukikimbiwa umekwisha, hakuna cha kumbembeleza jaji. Sisi tulipangiwa kukutana na kikundi cha bugobogobo, wale wanaocheza na majembe wakiyarusha juu na kuyadaka. Tukaongeza mazoezi. Mimi usingizi ulikuwa haunijii kwa hamu.

Halafu jioni moja, mazoezi yameisha, manju akakohoa kile kikohozi cha mtu mwenye jambo.

"Sasa, fundi. Kuna suala la kuingia uwanjani."

"Suala gani?"

"Kikundi kinaingia kwa kutembea. Mstari mmoja, kigoda mkononi, tunaimba, tukifika katikati tunakaa wote kwa mpigo. Kuingia ni nusu ya ushindi. Wewe utaingiaje?"

"Nitatangulia. Mtanikuta nimeshakaa, mtakaa pande zangu zote mbili."

"Haipendezi."

"Haimpendezi nani?"

Akaangalia chini. Jamaa mmoja wa mwisho wa mstari, dereva wa bodaboda, akaona anisaidie. Akasema kwa upole kabisa, "Dada, usikasirike. Kule kunakuwa na turubai la wageni. Watu wenye ulemavu wanatengewa viti vya mbele. Utatuona vizuri, na soda utapata."

Loo! "Soda? Nimekunywa soda zenu tangu nazaliwa! Hii ni ngoma ya kukaa! Ya kukaa! Mnaninyima ngoma ya kukaa kwa sababu siwezi kutembea? Basi siku mkitunga ngoma ya kulala mtanikataa kwa lipi?"

Watu wakaangua kicheko, na manju naye akacheka, na nadhani kicheko ndicho kilichoniokoa, maana manju hawezi kumkatalia mtu aliyemchekesha. Akasema haya, haya, fundi atatangulia kukaa. Kisha akaongeza, "Lakini hiyo baiskeli yako isionekane."

Isionekane. Nililimeza hilo neno. Nilikuwa tayari kumeza mengi. Ng'ombe sikuwa na shida naye. Nilichotaka ni kile kigoda cha katikati, mbele ya umati wa watu nisiowajua, nikiwa mchezaji kati ya wachezaji, watu wanitazame kwa sababu najua. Basi. Mara moja tu katika maisha yangu nitazamwe kwa sababu najua.

Tukaenda kwa Fuso, baiskeli yangu imefungwa kwa kamba nyuma, tukapita Tinde, tukapita Kahama, tukashika barabara ya vumbi ya Segese. Njia nzima tuliimba. Uwanjani watu walikuwa wamejaa kama mnadani: wachimbaji wenye buti za tope, wafanyabiashara, akina mama na mabeseni ya karanga, watu wa kila kabila waliofuata dhahabu. Turubai la wageni lilikuwa limeshapambwa. Kati ya Fuso na katikati ya uwanja kulikuwa na kokoto na mbigili, mikono yangu haikuweza, nikaenda kwa baiskeli mpaka penye nafasi yangu, nikajishusha kigodani, nikapanga kitenge. Mwenzetu mmoja aliambiwa aisogeze baiskeli kando. Akaenda kutazama majembe ya wapinzani yanavyorushwa, akasahau. Baiskeli ikabaki nyuma yangu, inang'aa juani.

Kikundi kikaingia. Nilikuwa nimewapa mgongo, nikawasikia wanakuja wanaimba, hatua zao nikazihisi ardhini. Wakafika, wakakaa wote kwa mpigo kulia na kushoto kwangu, bega likagusa bega. Tukaanza. Upande wa pili bugobogobo nao wakaanza, ngoma zao zinapasua masikio. Mwanzoni watu walikuwa kwao. Halafu mmoja akaja kwetu, wakaja wengine, likaanza kundi la Wasukuma wa rika la manju, wanatikisa vichwa wakijua tunachokifanya. Mwanamke mmoja mwenye beseni la karanga alisimama mbele yangu kabisa, akayakazia macho mabega yangu, akamwambia mwenzake, "Mwone huyu wa katikati! Mwone!" Nilimsikia kwa masikio yangu. Hakuniona miguu. Nilitamani wimbo ule usiishe.

Wakati huohuo mgeni rasmi akafika, akakaribishwa turubaini, na mshereheshaji aliyekuwa amekwenda kumpokea akarudi uwanjani na kipaza sauti chake. Alikuwa mtu wa mjini, Kiswahili kimenyooka, miwani ya jua, suruali imembana. Hakutuona tukiingia, na sidhani kama alikuwa amewahi kuiona wigashe. Akatazama upande ule: watu wanaruka na majembe. Akatazama upande huu: watu wamekaa mstari mzima, wanacheza kuanzia kiunoni kwenda juu, na nyuma yao baiskeli ya magurudumu matatu. Akajumlisha mwenyewe.

"Ndugu wananchi!" akapaza sauti. "Naomba tusimame kidogo! Naomba makofi ya nguvu kwa ndugu zetu hawa wenye ulemavu! Tazameni! Wote hawa hawawezi kusimama, lakini hawajakata tamaa! Ulemavu sio kushindwa!"

Wale Wasukuma waliokuwa mbele yetu walipasuka kwa kicheko, wengine wakashika mbavu. Lakini wageni waliotoka mbali walimwamini. Watu wakaanza kutupa pole. Mzee mmoja wa heshima akaja ameinamisha kichwa, akamwekea manju noti mapajani. Turubaini mgeni rasmi akasimama, mkono kifuani. Mshereheshaji akamkimbilia, wakanong'ona, akarudi na habari: mgeni rasmi ameguswa sana, na kwa kuwa si haki kuwashindanisha watu wa hali yetu na wazima, tunaondolewa kwenye mashindano na tutapewa zawadi yetu maalumu ya unga, sabuni na mablanketi.

Mimi nilicheka. Nasema kweli, nilicheka mpaka machozi. Nilidhani sasa tutacheka sote, kisha manju atamtungia yule bwana wimbo papo hapo, maana wigashe ni ngoma ya mizaha na vijembe, na kijembe kama hicho hata ukikitafuta hukipati. Nikamgeukia mama maandazi nicheke naye. Hakuwa anacheka. Nikamtazama mzee mfugaji. Uso umekunjamana. Mstari mzima hakuna aliyekuwa anacheka ila mimi.

Manju akaruka juu, kigoda kikaanguka. "Sisi sio vilema!" akapiga kelele. "Nani kakuambia sisi vilema? Sisi ni wazima! Tazama!" Akapandisha suruali mpaka magotini, akajipiga kofi kwenye mashavu ya miguu, akarukaruka pale pale. Na hapo wote wakainuka. Yule wa bodaboda akatimua mbio mpaka turubaini na kurudi, mgeni rasmi aone. Mzee mfugaji akawa anatembea huku na huku kama askari wa gwaride, anakanyaga kwa kishindo. Mama maandazi, shoga yangu, aliyenitoa dirishani, naye alisimama, akashika kiuno, akazunguka taratibu waone anavyozunguka. Umati ulikuwa unashangilia, sijui unashangilia nini. Mimi nimebaki kigodani peke yangu, mikono bado iko juu pale wimbo ulipokatikia.

Manju akampokonya mshereheshaji kipaza sauti. Akasema, na spika zikalipeleka Segese nzima, "Mwenye ulemavu ni huyu mmoja tu! Na huyu si wa kikundi! Huyu ni fundi wetu wa nguo!"

Nimetukanwa mengi mimi. Nimeitwa gari bovu, nimeitwa mzigo, kuna mwanamume alishaniambia niolewe na meza kwa sababu na yenyewe haitembei. Hakuna hata moja lililowahi kunifika mahali lile la manju liliponifika. Sare niliyovaa ilikuwa ileile aliyovaa yeye. Nilikuwa nimeishona mimi.

Mshereheshaji akacheka, akaomba radhi, akasema basi kama ni wazima mashindano yaendelee, kila kikundi kirudie wimbo mmoja. Manju akaja, akainama sikioni kwangu. Sasa sauti imekuwa ya upole. "Fundi, tupishe kidogo. Nenda pale turubaini. Wakikuona wanachanganyikiwa, watatutoa tena."

"Sipishi."

"Dada, wimbo mmoja tu."

"Sipishi ng'o. Kwanza niambie umekasirikia nini. Umekasirika kwa sababu tumetolewa mashindanoni? Usingepiga kelele vile. Ungesema hii ni wigashe, ndivyo inavyochezwa, basi, yameisha. Wewe umekasirika kwa sababu umefananishwa na mimi."

"Sio hivyo."

"Ndivyo hivyo! Wote mmeruka kama mmekalia siafu! Miezi yote hii mabega yenu yanagusa mabega yangu, mnakula uani kwangu, mnaniita mwenzetu, kumbe kufanana na mimi kwa dakika moja ni tusi? Ni tusi gani hilo? Nina ukoma mimi? Na hata ningekuwa nao!" Nilikuwa napiga kelele sasa. Watu wa mbele walisikia. Yule mwanamke mwenye beseni la karanga alisikia, akaniangalia, na safari hii aliangalia kitenge, akaangalia na baiskeli nyuma, uso wake ukabadilika ukawa ule uso ninaoujua. Pole mwaya, ndivyo uso ulivyosema. Hapo ndipo nilipotaka kulia.

Mama maandazi akachuchumaa mbele yangu. "Shoga yangu, nakuomba. Kwa ajili ya yule ng'ombe. Watoto wote kule nyumbani tumewaahidi nyama."

"Kaa," nikamwambia. "Chukua kigoda chako, kaa hapa pembeni yangu kama kila siku. Ukikaa wewe, watakaa na wengine."

Akanitazama. Macho yalikuwa yamejaa machozi, siwezi kumsingizia. Kisha akachukua kigoda chake, akainuka. Manju alikuwa ameshaona kwamba sitahama, na kunibeba mbele ya mgeni rasmi hawakuthubutu. Basi wao ndio waliohama. Walibeba vigoda vyao, wakasogea mbele, wakapanga mstari mpya, na pale katikati palipokuwa pangu mama maandazi na mzee mfugaji wakasogeleana mpaka mabega yakagusana. Wakaimba.

Nilikuwa nyuma yao, naiona migongo yao na mishono yangu. Wimbo naujua wote. Mzee akachelewa kushoto. Mama maandazi akakata pumzi mapema, na hakuna aliyemvutia. Mabega yangu, mabega haya majinga, yalikuwa yanacheza yenyewe, ikabidi nijikumbatie niyashike yatulie. Watu waliokuwa kwa wenye majembe walikuja mbio upande wetu, nadhani walitaka kuwaona wale viwete waliopona, na uwanja ukahamia huku. Tukashinda. Wakashinda, nataka kusema. Dume lilikuwa jeusi, kubwa, zuri kweli.

Kurudi nilikaa mbele na dereva. Nyuma waliimba mpaka Kahama, kisha wakanyamaza, nadhani walichoka. Hakuna aliyenisemesha na mimi sikumsemesha mtu. Nilipofika nyumbani niliivua ile sare nikaifumua mishono yote, nikarudisha kitambaa kwenye vitambaa vingine. Kilitoka kwenye fungu lao lakini sikuwarudishia, na nikipenda nitakifanyia pazia.

Ng'ombe walimchinja siku chache baadaye. Mimi nilikuwa kazini, napindia suruali za shule, nikasikia hodi uani. Manju. Ameshika beseni lililofunikwa kwa sahani, amevaa vizuri, amechana nywele. Akanisalimia kwa heshima zote, mwangaluka mayu, akauliza habari za kazi, habari za afya, akasifia mvua zinavyokaribia. Nikamjibu kila salamu. Cherehani sikuisimamisha.

"Tumekuletea fungu lako," akasema. "Tumekuchagulia sehemu nzuri. Paja."

"Fungu la nini? Mimi si wa kikundi. Uliwatangazia watu kwa spika."

"Aah, fundi!" Akacheka, akasogea mlangoni. "Yale yalikuwa ya uwanjani. Mtu akiwa kwenye mashindano mdomo unatoka wenyewe. Usiyaweke moyoni. Tumekaa kikao, wote wamesema fundi ni mwenzetu, apewe sawa na mwenye kigoda. Mama maandazi kalia kweli. Usitukasirikie kiasi hicho, dada yangu. Ule ulikuwa mchezo tu."

Nikaisimamisha cherehani.

"Mchezo tu," nikamwambia. "Ndio niliokuwa nautaka mimi. Mchezo tu. Sikuwaomba kitu kingine chochote. Nyama najinunulia, nguo najishonea, nyumba hii nimejenga mwenyewe. Kuna kitu kimoja tu siwezi kukifanya peke yangu, nacho ni hicho unachokiita mchezo tu. Mlikuwa nacho nyinyi. Mkaninyima. Na sasa umeniletea paja la ng'ombe."

Nilidhani atajibu. Nilitaka ajibu, nilikuwa na maneno mengine yamejipanga kooni. Manju akahamisha beseni kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, damu ilikuwa imeanza kuchuruzika kwenye ukingo. Akachungulia ndani ya chumba changu, juu ya meza, juu ya vitambaa, pembeni ya cherehani.

"Sasa, fundi," akasema, "hii nyama niiweke wapi?"